Shahada ya tiba pamoja na uzamivu: utafiti nianze lini?

Mshumaa
Wakuu, habari zenu. Nimepata nafasi ya kusoma udaktari wa tiba na uzamivu kwa mpigo. Chuo kinaniruhusu kuchagua: niingie maabara likizo ya kabla ya mwaka wa kwanza, nisubiri nimalize masomo ya awali ya tiba, au nipite wodini kwanza ndipo nigeukie utafiti. Jibu linatakiwa mwezi huu. Mliopitia, ipi bora?

Bint Hadubini
Hongera sana. Lakini umetubania taarifa. Nchi gani? Utafiti wa seli na panya, au wa wagonjwa na takwimu? Msimamizi unaye?

Mshumaa
Samahani dada. Ni Marekani. Nataka kinga ya mwili, kazi ya maabara. Msimamizi bado.

Mzee wa Wodi
Wodi kwanza, mdogo wangu. Swali la utafiti lenye uzito hutoka kwa mgonjwa ambaye dawa zimemgomea. Tena ukikaa maabara miaka minne halafu urudi wodini, mkono unakuwa mzito: kusikiliza moyo, kuandika dawa, vyote unaanza kujikumbusha.

Seli Shina
Shikamoo mzee, hapo sikubaliani nawe. Mfumo uliozoeleka kule ni miaka 2 ya tiba, kama 4 ya utafiti, kisha 2 ya wodini, na una sababu zake. Ila Mshumaa, kuanza mapema kusikufanye ufunge ndoa na maabara ya kwanza. Mimi niliingia likizo ile ile ya mwanzo, nikapapenda, nikabaki. Msimamizi alikuwa mtu mwema, lakini ruzuku yake ilikuwa ukingoni na wanafunzi hatukuambiwa. Ikakatika katikati ya uzamivu wangu. Fundi wetu akaondoka. Panya wa jeni maalumu tuliowazalisha kwa taabu wakapunguzwa, na mimi ndiye niliyepewa kadi nyekundu za kubandika kwenye vizimba vya kuondolewa. Nikahamia maabara nyingine, mada mpya kabisa. Niliporudi wodini, niliopasua nao maiti darasani ndio walionisimamia. Likizo itumie kuzunguka maabara mbili tatu. Uliza ruzuku inaisha mwaka gani, na waliokutangulia walichukua muda gani kumaliza.

Bint Hadubini
Pole sana. Swali la ruzuku watu huliona aibu kuliuliza, na ndilo la kwanza.

Kokotoo
Msisahau mitihani ya leseni. Tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, ni kufaulu au kufeli tu, alama hazitolewi. Kwa hiyo hoja ya kuifanya kabla ya maabara ili upate alama kubwa imekufa. Ila majimbo mengi hutaka hatua zote zikamilike ndani ya miaka 7. Wa shahada mbili mara nyingi huongezewa muda, lakini soma kanuni za jimbo unalotaka kufanyia kazi.

Mzee wa Wodi
Kufuta alama kumeharibu. Sasa kila mwanafunzi anakimbizana na machapisho, hata asiyependa utafiti.

Kokotoo
Mzee, alama zile hazikupima udaktari. Zilipima kukariri.

Mzee wa Wodi
Anayekariri vizuri dozi za watoto simdharau hata kidogo.

Bint Hadubini
Wakuu, tunatoka nje ya mada. Mshumaa, ufadhili ukoje? Programu zilizo chini ya mpango wa NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ule ulioanza 1964, hulipa ada na posho. Na una familia?

Mshumaa
Ada na posho vipo. Nina mtoto mchanga.

Bint Hadubini
Hilo ungelitanguliza! Miaka ya maabara ratiba unaipanga mwenyewe, wodini unapangiwa. Mtoto akiwa mdogo hivyo, mimi ningetanguliza maabara.

Seli Shina
Unaipanga mwenyewe mpaka seli zihitaji kubadilishiwa chakula Jumapili usiku. Mwenzio yupo wa kumwachia mtoto?