Mafua na homa huku Guangzhou, nimechomwa visindano vya Kichina, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, nimekuja Guangzhou kufuata mzigo, leo siku ya tatu mafua makali na homa 38.6, jamaa wa gesti kanipeleka kwa daktari wa tiba za Kichina, akanishika mkono kusikilizia mapigo, akaniambia nitoe ulimi, basi akanichoma visindano vyembamba kama unywele, kimoja pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada, hakiumi ila mkono ulikuwa mzito hatari. Kanipa na Ganmaoling, dawa ya mafua ya Kichina ya kukoroga kwenye maji moto, kumbe humo kwenye mitishamba kuna paracetamol! Na mimi nabugia Panadol, ambayo nayo ni paracetamol hiyo hiyo, niache ipi? Halafu nimetoka Dar wiki mbili tu, isije ikawa malaria, mliowahi kuugua huku mlipimia wapi?