Faili la kuomba mtesaji awekewe vikwazo nje ya nchi: linaandaliwaje?

MsaidiziSheria_Mafinga:
Kamwene wakuu. Naomba kueleweshwa na wanaoijua kazi hii. Huku Iringa na Mbeya ukitaja "sheria za Magnitsky" wengi wanadhani ni mahakama ya Ulaya itakayokuja kumkamata mkubwa fulani. Tuchukue mfano tu: mtu kapigwa akiwa mahabusu mpaka kapata ulemavu, jalada la ndani limelala. Faili la kuiomba nchi ya nje imwekee vikwazo aliyehusika linakuwa na nini ndani, na linapelekwa wapi? Na sisi wenyewe tuna sheria kama hiyo?

Uyole_Sheria:
Nianze na la mwisho maana ni fupi: hatuna. Tulichonacho ni utaratibu wa kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya ugaidi chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Hiyo haimgusi mtesaji wa kawaida.

Jina limetokana na Sergei Magnitsky, mshauri wa kodi aliyefichua wizi wa dola milioni 230 kwenye hazina ya Urusi akafia mahabusu Moscow Novemba 16, 2009. Marekani ilitunga sheria ya kwanza 2012 kwa ajili ya Urusi, ikaipanua 2016 iguse dunia nzima. Kanada ikafuata 2017, Uingereza Julai 2020, Umoja wa Ulaya Desemba 2020, Australia Desemba 2021. Zote ni hatua za kiutawala: waziri au hazina ndiyo inayoamua, hakuna jaji wala hukumu ya jinai. Mtu anazuiwa viza na mali zake zilizo chini ya mamlaka ya nchi hiyo zinafungwa. Kufungwa si kutaifishwa. Pesa inabaki yake ila haigusi.

Kila mlango una kizingiti chake, na hapa ndipo mafaili mengi hufa. Uingereza inaangalia haki tatu tu: uhai, kutoteswa wala kutendewa unyama, na kutofanywa mtumwa au kulazimishwa kazi. Ukiwapelekea kesi ya gazeti kufungiwa, umepoteza karatasi. Kipimo chao ni "sababu za msingi za kushuku", chini kabisa ya kile cha jinai. Na kanuni zao zinamfikia hata aliyekuwa na wajibu wa kuchunguza akaacha kwa makusudi au kwa kutojali. Kwa mfano wako, hilo jalada lililolala lenyewe ni ushahidi dhidi ya aliyelilaza. Umoja wa Ulaya unahitaji nchi zote 27 zikubali, kwa hiyo moja ikigoma hamna kitu. Tena utaratibu wao huo wa haki za binadamu hauna kosa la rushwa. Marekani inatumia Amri ya Rais namba 13818 ya Desemba 2017 na inapokea yote mawili, rushwa na ukatili.

Kiini cha faili ni mnyororo wa amri. Watu wanajaza kurasa 60 za maumivu ya mwathirika, halafu ukurasa unaosema fulani alihusika vipi haupo. Angalieni Jenerali Kale Kayihura wa Uganda, aliyewekewa vikwazo na Marekani Septemba 13, 2019, mwaka mmoja na zaidi baada ya kutolewa kwenye ukuu wa polisi. Hakudaiwa kushika rungu yeye. Hoja ilikuwa kwamba aliongoza chombo ambacho kikosi chake, Flying Squad, kilitesa mahabusu katika kipindi chake cha uongozi. Kwa hiyo unatafuta tarehe ya kuteuliwa, tarehe ya kuondoka, nani aliripoti kwa nani, na kama taarifa ilimfikia: barua yenye mhuri wa kupokelewa, swali la bungeni, habari ya gazeti. Tarehe ya tukio ikidondokea nje ya kipindi chake hata kwa wiki moja, faili limekwisha.

Parachichi_Njombe:
Niongezee upande wa pesa, maana huko ndiko meno yalipo. Marekani wana kanuni ya asilimia 50: kampuni ambayo waliofungiwa wanamiliki nusu au zaidi, hata wakijumlishwa wawili watatu, nayo imefungwa japo jina lake halipo kwenye orodha. Na hela ya dola, hata ikitoka Dubai kuja Njombe kununua parachichi, kwa kawaida inapita benki wakala ya New York. Ikinaswa pale inafungwa, na benki inatakiwa kuripoti ndani ya siku 10 za kazi. Kwa hiyo ukiweza kuonyesha hisa, nyumba, ada ya mtoto shuleni London au akaunti ya dola, faili linapata uzito. Asiye na chochote nje atabaki na katazo la viza tu.

Msichanganye pia na kifungu cha 7031(c) cha sheria ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hicho ni cha viza peke yake. Januari 31, 2020 walipomtangaza Paul Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, kwa tuhuma za ukiukaji mkubwa wa haki, ilikuwa kwa kifungu hicho. Mitandaoni watu waliandika "mali zimefungwa". Hapana.

Halafu tusiwe watoto, hii ni silaha ya serikali za watu. Dan Gertler, mfanyabiashara wa madini ya Kongo aliyefungiwa 2017, Januari 2021 alipewa leseni ya kumlegezea, ikafutwa Machi baada ya serikali kubadilika. Julai 2025 chombo hichohicho kikatumika kumfungia Alexandre de Moraes, jaji wa mahakama ya juu ya Brazil. Faili zuri linaweza kukaa kwa sababu tu nchi yako ina mkataba mtamu siku hiyo.

MsaidiziSheria_Mafinga:
Nimekupata mkuu. Sasa ushahidi wenyewe? PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda hospitali, tunaipata kituo kilekile kinacholalamikiwa.

KiapoNaMhuri:
PF3 isipopatikana usikae kuisubiri. Chukua kadi ya hospitali, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, picha za eksirei, na maelezo ya daktari yenye jina, namba ya usajili na saa aliyomwona mgonjwa. Andika pia kwamba PF3 iliombwa tarehe fulani na jibu lilikuwa nini. Daktari aliyewahi kuusoma mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Itifaki ya Istanbul ataandika kama jeraha linaendana na maelezo ya mgonjwa. Sentensi hiyo moja inazidi kurasa kumi za simulizi.

Picha za majeraha: rula pembeni ya kidonda, moja ya karibu na moja inayoonyesha sura na kidonda pamoja, mchana, mwanga ukitokea ubavuni maana alama za damu iliyovilia kwenye ngozi nyeusi hazionekani vizuri kwa mwanga wa mbele. Rudia baada ya siku tatu. Usizitume kama picha za WhatsApp, inazibana na kufuta tarehe na mahali zilipopigwa. Tuma kama dokumenti, na simu yenye picha halisi isiguswe.

Jina la mtuhumiwa liwe na tarehe ya kuzaliwa, cheo na picha. Kina Sanga ukiwaita Makete kijiji kizima kitageuka, na afisa wa hazina Washington hatamfungia mtu kwa kubahatisha.

Shahidi atoe ridhaa ya maandishi, na aulizwe mara mbili: jina lake lionwe na serikali ile, na je, lichapwe hadharani? Hayo ni mambo mawili. Kwenye waraka mkuu weka Shahidi A, Shahidi B, ufunguo wa majina ukae kwingine. Na msichapishe tuhuma mtandaoni kabla, mtaamsha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 juu yenu.

Waraka mkuu usizidi kurasa kumi, kwa Kiingereza, viambatisho nyuma na maelezo ya kiapo ya mfasiri. Marekani unapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje na Hazina. Shirika la Human Rights First husaidia vikundi vya kiraia kuunyoosha kwanza. Uingereza ni Wizara ya Mambo ya Nje, na shirika la REDRESS la London wanaijua njia. Kwa miaka kadhaa Marekani imekuwa ikitangaza karibu na Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, hivyo faili la Novemba limechelewa. Msitarajie kujibiwa.

Uyole_Sheria:
Nyongeza moja. Sheria hizi hazikulazimishi umalize mahakama za nyumbani, lakini usiziache, wala zile za kikanda. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha inatoa miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulipolijua. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, hapohapo Arusha, mtu binafsi hawezi tena kuishtaki Tanzania kwa kesi mpya tangu Novemba 22, 2020. Kwa hiyo ya kwanza kuhesabu kwenye kalenda ni ile miezi miwili, vikwazo baadaye.