Mifumo ya akili mnemba ya kufundishia: viwango vinatuhakikishia nini?

Swali (Mratibu wa Hisabati)

Ndugu wanajukwaa, ninaratibu somo la hisabati katika shule ya sekondari, na tunakusudia kuanza kutumia mfumo wa akili mnemba unaobadilisha mazoezi kulingana na uwezo wa kila mwanafunzi. Wauzaji wawili wanadai kwamba bidhaa zao zinafuata viwango vya kimataifa, lakini mmoja anataja SCORM na LTI, na mwingine anataja xAPI na QTI. Je, viwango hivyo vinathibitisha kwamba mfumo unafundisha vizuri? Na iwapo baadaye tutabadilisha muuzaji, je, yale ambayo mfumo umeyajua kuhusu wanafunzi wetu yatahamia kwenye mfumo mpya?

Jibu (Mhandisi wa Programu)

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kinachopima ubora wa ufundishaji. SCORM, ambayo toleo lake la 1.2 lilitoka mwaka 2001, inaeleza namna ya kufungasha somo ili lifunguke katika mfumo wowote wa kusimamia masomo na kurudisha taarifa chache, kama vile alama. LTI humwezesha mwanafunzi kuingia katika programu ya nje bila kujisajili upya, na QTI ni muundo wa kuhifadhi maswali ya mtihani. Kwa mahitaji yenu, yenye manufaa zaidi ni xAPI, ambayo IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi linaloweka viwango, iliipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2023, kwa sababu hurekodi kila tukio kwa kutaja mtenda, kitenzi na kitendwa: mwanafunzi fulani amejibu swali fulani, ameomba kidokezo, ameacha zoezi.

Kuhusu kuhama, jibu si la kufurahisha. Kumbukumbu za matendo zinaweza kuhamishwa, ila makadirio ya umahiri hayahamishiki kwa maana yake kamili. Mifumo mingi hufuata njia waliyoieleza Albert Corbett na John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon katikati ya miaka ya 1990, ambayo kwa kila stadi hukadiria mambo manne: uwezekano kwamba mwanafunzi alikuwa anaijua tangu mwanzo, kwamba atajifunza anapofanya zoezi, kwamba atabahatisha jibu sahihi bila kujua, na kwamba atakosea ilhali anajua. Kutokana na hayo na majibu ya mwanafunzi, mfumo hukadiria kama sasa anaijua stadi; makadirio hayo yakifika 0.95, stadi huhesabiwa kuwa imeshikwa. Sasa, mfumo mmoja huchukulia kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kuwa stadi moja, na mwingine huigawa, ukitenga kutafuta kigawe kidogo cha shirika na kuandika upya kila sehemu. Hiyo 0.95 ya mfumo wa kwanza haina mahali pa kukaa katika mfumo wa pili, hata kama yote miwili inatumia xAPI bila dosari.

Kwa hiyo sisitizeni katika mkataba kwamba mtapewa kumbukumbu ghafi za kila hatua ya mwanafunzi pamoja na orodha kamili ya stadi. Muuzaji anayeiita orodha hiyo siri ya biashara, mimi singemwamini.

Jibu (Mtafiti wa Elimu)

Naongezea upande wa ushahidi. Wauzaji hupenda kumtaja Benjamin Bloom, ambaye mwaka 1984 aliandika kwamba mafunzo ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja huinua matokeo kwa mikengeuko sanifu miwili (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani). Tafiti za baadaye hazikuona manufaa makubwa kiasi hicho. Mapitio ya Kurt VanLehn ya mwaka 2011 yaliwapa walimu binadamu takriban 0.79 ya mkengeuko sanifu, mifumo inayofuatilia kila hatua ya ukokotoaji 0.76, na ile inayotazama jibu la mwisho tu 0.31. Ndiyo maana ningeuliza kwanza kama mfumo unaona hatua au unaona jibu peke yake, kabla ya kuuliza kifupisho chochote.

Kama bidhaa inatumia modeli kubwa ya lugha, yaani programu inayotunga majibu kwa maandishi kama GPT-4, tahadhari iongezeke. Katika jaribio lililofanyika Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari karibu 1,000, waliopewa GPT-4 ya kawaida walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48, kisha katika mtihani usio na msaada wakashuka kwa asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuitumia kabisa. Toleo lililozuiwa kutoa majibu na kupewa vidokezo vya walimu liliondoa sehemu kubwa ya hasara hiyo, ingawa halikuwapandisha juu ya wenzao.

Jibu (Mshauri wa Ulinzi wa Data)

Viwango vya kiufundi visichanganywe na sheria. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inaweka mifumo ya kutathmini matokeo ya kujifunza katika kundi la hatari kubwa, na inapiga marufuku kutambua hisia za wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au usalama. Hata pale ambapo sheria hiyo haitumiki, ulizeni iwapo kamera huwashwa ili kupima umakini, na ikiwa jibu ni ndiyo, mtake izimwe.

Mratibu wa Hisabati

Nashukuru sana. Swali moja limebaki: tukihama, je, mwanafunzi ataanza upya kabisa?

Mhandisi wa Programu

Si lazima. Mkiwa na kumbukumbu za kila hatua, mfumo mpya unaweza kuzipitia na kukokotoa makadirio yake wenyewe, mradi mtu anayelijua somo alinganishe kwanza stadi za zamani na mpya, kazi ambayo ni ya kuchosha na haifai kuachiwa muuzaji. Msipokuwa nazo, mpeni kila mwanafunzi jaribio fupi la utambuzi. Kuingiza alama za zamani kama zilivyo ni kosa kubwa zaidi kuliko kuanza bila chochote, kwa kuwa mfumo utaruka mada ambazo mwanafunzi hajazijua bado.