Kiwanda kimetuita kikao, tuombe nini?

MamaMadondo:
Hamjambo wote. Mimi huuza chapati na madondo nje ya geti la kiwanda kimoja huku Lunga Lunga, Nairobi, mwaka wa tisa sasa. Juzi soja ameniletea barua: wakubwa wanataka kukaa na majirani kumi, nami nimo, tuwaambie watusaidie na nini. Wazee wa mtaa wameshaandika madawati, jezi za vijana na unga wa Krismasi. Sipingi, watoto wangu wamekalia madawati ya kiwanda hicho. Ila kuna harufu inayotoka usiku wa manane, na mtoto wa jirani huanza kukohoa kabla sisi hatujaisikia. Halafu kuna king'ora. Mwezi wa tano kililia mchana, wafanyakazi wakatoka wakapanga mistari ndani ya ua, sisi tukabaki nje na miiko mkononi tukitazamana. Nitasemaje haya bila vijana wetu kunyimwa vibarua?

FundiBoila:
Mama, anza na king'ora. Nimekula miaka 14 Industrial Area, sita ya mwisho upande wa usalama. Unakumbuka mtaa wa Sinai, tarehe 12 Septemba 2011: petroli ilivuja ikaingia mtaroni, watu wakatoka na ndoo na mitungi kuchota, moto ukaua zaidi ya watu 100. Tangu siku hiyo siwezi kusikia king'ora nikakaa kitako.

Waulize mlio upi ni wa moto na upi ni wa mazoezi. Gesi ikivuja, mkimbilie wapi? (Msikimbie upande upepo unakoelekea, kateni pembeni.) Na usiku nani anapokea simu? Kisha muombe mazoezi ya pamoja. Kwetu tuliyafanya Jumamosi moja na kina mama wa vibanda, na njia ya kutokea tuliyokuwa tumeichora kwenye ramani tukaikuta imezibwa na choo cha mabati. Meneja alisimama pale ameshika ramani yake, hana la kusema. Wiki iliyofuata walifungua geti la pili upande wa mto.

Wanjiku_K:
Kuhusu harufu, weka daftari: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, nani amekohoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Kiwanda kama hicho hupaswa kufanyiwa ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Iandikieni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mwombe ripoti. Sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa ofisi siku 21 kujibu.

FundiBoila:
Na hayo ya vibarua, usiyaseme peke yako. Mkubaliane kumi nyote kabla ya kuingia, msitaje kijana yeyote kwa jina, na kila neno liandikwe. Nakala moja ibaki kwa chifu.

MamaMadondo:
Asanteni sana. Wenzangu saba wamekubali, wazee wawili bado wanashikilia unga, nitarudi kwao kesho. Daftari nimenunua. Ukurasa wa kwanza: saa nane na dakika kumi usiku, upepo kutoka mtoni, mtoto amekohoa hadi saa kumi.