Miwani ya VR kwa mtoto mwenye usonji, inasaidia?

MamaWawi: Asalaam aleikum, mwanangu ana miaka 7, tukifika soko la Chake anaziba masikio anakaa chini hanyanyuki, mtu kanambia ipo miwani ya VR, ukivaa unaona picha kama umo ndani yake, inafunza watoto kusalimia na kukaa na wenzao, mwenye kujua anifahamishe

BinMkoani: Waalaikum salaam dada. Ipo, ila Meta, kampuni ya Facebook, wanasema miwani yao ya VR, Quest, ni kuanzia miaka 10. Newcastle Uingereza wana chumba picha zinazunguka ukutani, mtoto havai kitu, mtaalamu yupo nae, anazoea basi au duka kidogo kidogo

Ukhti_Jangombe: Wangu hata kofia havai. Mie narikodi duka la jirani kwa simu, tunaangalia nyumbani, kisha twenda asubuhi watu hawajajaa, anatoa salamu, analipa, tunarudi. Jaribu shoga

MamaWawi: Kesho naanza inshaallah