Dada ana maji kifuani, anatumia dasatinibu, wanataka kumwanzishia dawa za TB

Wakuu habari za jioni. Dada yangu ana saratani ya damu, ile CML, alianza na imatinibu ikagoma wakambadilishia dasatinibu miligramu 100 kwa siku, sasa mwezi wa nane na damu imetulia. Shida wiki mbili hizi kikohozi kikavu, akitembea kidogo tu anahema, usiku hawezi kulala chali anaegemea mito mitatu mpaka asubuhi. Juzi wamempiga eksirei wakaona maji upande wa kulia, wanataka aanze dozi ya TB. Makohozi hayajaonyesha kitu, homa hana. Hii dawa inaweza kuleta maji? Naogopa jamani.

Jibu 1
Pole sana ndugu yangu. Inaleta, tena hiyo dasatinibu hasa, kwa imatinibu ni nadra. Mimi yalinipata mwaka wa pili. Maji hayaingii ndani ya pafu, yanajaa nje yake kati ya zile ngozi mbili, pafu linabanwa. Walinikalisha nimeinamia meza wakanichoma sindano mgongoni ikatoka lita moja na nusu, njano kama mafuta ya alizeti, nikavuta pumzi nikalia. Vidonge vikasimamishwa kwanza, baadaye daktari akanirudisha kwa 50. Mpaka leo niko poa.

Jibu 2
Mfamasia hapa. Kabla hajameza dawa za TB daktari wake wa damu ajue, maana rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inafanya ini liiondoe dasatinibu haraka sana, kiwango kinashuka na saratani inaweza kuamka. Halafu maji ya dasatinibu mara nyingi yana limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi kama ya TB, ndio maana watu wanachanganya, na siwalaumu, huku kwetu maji ya kifuani lazima uwaze TB. Waombe wayatoe, wapime TB kwenye maji hayohayo na moyo pia uangaliwe. Asiache vidonge kimyakimya, apige simu kliniki leo. Akizidi kubanwa usiku msisubiri kukuche, mkimbizeni.

Mleta mada
Mungu awabariki. Nimepekua cheti cha hapa walipompiga eksirei, wameandika "dawa za saratani" basi, jina la dasatinibu halipo kabisa! Kliniki wamepokea simu, wamesema asimeze cha leo na kesho asubuhi tufike. Boksi la vidonge na eksirei nimeshaweka kwenye mkoba.