Wakuu, IST inavuja oil: nitengeneze au nitupie injini nyingine?

Kijana wa Tabata: Wakuu, habarini za majukumu. Nina IST ya 2004, injini 1NZ. Mwezi wa pili huu inadondosha oil. Asubuhi nikiitoa inaacha doa la ukubwa wa sahani, na kila wiki naongeza kama nusu lita. Fundi anasema kuziba ni kupoteza hela, tutupie injini ya mtumba kutoka Ilala, milioni 1.8, ufundi laki 3. Usingizi sipati. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Spana 14: Inavujia wapi? Oil hushuka, kwa hiyo ukichungulia chini utaona kila kitu kinavuja. Osha injini, itembee siku mbili, kisha mulika tochi kuanzia juu. 1NZ mara nyingi ni gasket ya tapeti kava, au silikoni ya kava la mbele imechoka. Ikiwa ni sili ya nyuma ya krenki, sili yenyewe hela ndogo, gharama iko kwenye kushusha gearbox. Na mcheki PCV, ile vali ya kupumulia injini. Ikiziba, presha inasukuma oil itokee popote penye upenyo, utabadilisha sili mpaka uzeeke.

Mama Kiwanja: Milioni mbili na ushee kwenye kitu kinachoshuka thamani kila siku! Wenzako kwa hela hiyo wanamwaga zege la msingi Chanika. Uza, panda daladala.

Mzee wa Carina: Mimi Carina yangu ilidondosha oil miaka sita. Natandika boksi la sabuni chini yake kila usiku, asubuhi nalisoma kama gazeti: tone hapa, tone pale. Mke wangu alikuwa anasema hilo boksi nalijali kuliko yeye. Gari niliuza likiwa zima kabisa. Boksi alilichoma.

Kijana wa Tabata: Asanteni. Injini haitoi moshi, haijawahi kuchemsha, na kuvuta inavuta vizuri tu.

Spana 14: Haitoi moshi, haichemshi, inavuta. Sasa mnaing'oa ya nini? Kompresheni mmepima? Kuna kitu hutuambii, mkuu.

Kijana wa Tabata: Kupima hatujapima, fundi ana uzoefu wa miaka. Na ukweli advance nimeshatoa, laki 8.

Spana 14: Umempa nani, mwenye duka?

Kijana wa Tabata: Fundi mwenyewe. Ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu, hawezi kunifanyia mchezo. Injini za Japani zinakuja zimetembea kidogo, mnajua wenyewe.

Mpiga Debe: Zimetembea kidogo nani kakuambia? Dashibodi imebaki hukohuko, wewe umeletewa chuma kimeoshwa kwa dizeli kinang'aa kama bwana harusi.

Binti Gerezani: Kaka, namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Hakikisha unapewa karatasi za hiyo injini na ubadilishe kadi, la sivyo siku ya kuuza utajieleza mpaka jasho likutoke. Na ile ya zamani inabaki kwa nani?

Kijana wa Tabata: Ataichukua yeye, anasema ni chuma chakavu. Wakuu, msimuonee shemeji. Alifungua mbele ya macho yangu, timing belt yote imelowa oil, ndipo akasema hapa injini imeisha.

Mtoa Povu: CHAI! 1NZ haina timing belt, ina cheni, na cheni kazi yake ni kuoga oil humo ndani. Huyu hana gari wala shemeji. Moderator, hamishia jukwaa la vichekesho.

Mpiga Debe: Chai ya tangawizi kabisa. Nami nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma.

Mama Kiwanja: Mnaona? Nimetoa ushauri wangu bure kwa mtu wa kubuni.

Kijana wa Tabata: Wallahi siyo chai. Mimi ni mhasibu, injini siijui. Nimeandika alichoniambia na alichonionesha, mkanda mweusi pembeni kwa nje, unateleza oil.

Spana 14: Kwa nje? Huo ni fen belti. Basi chai kapika shemeji, wewe umekunywa. Kuna kitu juu yake kinaumwagia oil. Kizibe, badilisha mkanda, maisha yaendelee.

Kijana wa Tabata: Labda kateleza ulimi. Ni mtu wa swala tano.

Binti Gerezani: Injini haina moshi, inavuta, halafu anaiita chakavu na anaichukua bure. Huo nao ulimi?

Mpiga Debe: Mwambie shemeji niko na laki 6 mkononi, naifuata hiyo chakavu leo hii.

Mzee wa Carina: Kijana, boksi la sabuni ninalo jingine.

Kijana wa Tabata: Nimempigia sasa hivi. Anasema hela keshampa mwenye injini, hairudi. Nyuma nikamsikia dada anauliza, "Nani huyo?" Akamjibu, "Mteja."